Kusoma kwa Mkono Mmoja

Mazungumzo na kikundi cha wasomaji, Dodoma, Jumamosi alasiri

Mbukwenyi!

Naona hata ndugu zangu wa Kagera mmeitikia. Ndiyo Dodoma hiyo. Ukikaa hapa misimu miwili ya zabibu unaitikia mbukwa, salamu ya Kigogo, kabla hujajua umeulizwa nini.

Walioandaa mkutano huu waliponipigia simu waliniambia, dada, tuletee vitabu kumi ulivyovipenda mwaka huu. Nilicheka mpaka mtoto akashtuka usingizini, nikawakatia simu kumbembeleza. Kumi sina. Ninavyo vitano nilivyomaliza, kimoja kilichonishinda, na kimoja ambacho mimi nimekimaliza ila kuna mtu anasubiri mwisho wake kutoka kwangu, na sijui nimwambie nini. Hicho nakiweka nyuma.

Mwaka wenyewe pia si mwaka kamili. Wangu ulianza Februari, saa tisa usiku, na binti wa kilo tatu na nukta mbili. Juzi tumetoka kliniki kwa sindano ya surua, ile ya miezi tisa. Kwa hiyo nikisema "mwaka huu" mnielewe hivyo.

Zamani nilikuwa msomaji wa majivuno, wacha niseme kweli. Nilipohamia hapa na wizara mwaka 2017 nilikuja na mabegi mawili ya nguo na maboksi manne ya vitabu, na kila mgeni niliyemkaribisha nyumbani nilimketisha upande ambao macho yake lazima yaangukie kwenye rafu. Jumapili ilikuwa yangu na kiti changu. Chai, kitabu, simu imezimwa. Nikisikia mtu anasema hana muda wa kusoma, nilimsikitikia kimoyomoyo kama mtu aliyekosa malezi.

Basi nikajifungua.

Akina mama mliomo humu mnajua. Akina baba nawaeleza. Mtoto akinyonya titi la kushoto, mkono wa kulia uko huru. Akihamia la kulia, unabaki na mkono wa kushoto, na kama wewe si mashoto, jaribu kufungua ukurasa kwa kidole gumba cha kushoto huku mtoto amekushikilia kanga, uone kazi. Kitabu kipya hakifai kabisa. Kitabu kipya kina kiburi, kinajifunga chenyewe. Kinachofaa ni kile cha maktaba kilichopita mikononi mwa watu mpaka mgongo ukalegea, ukikilaza juu ya mto kinabaki wazi kama kimechoka. Kwa vile vipya nilitumia vibanio vya nguo, viwili, kimoja kila upande. Tochi ya simu niliifunga kwa kipande cha kanga kwenye kamba ya chandarua. Mume wangu aliamka usiku mmoja akaikuta ile taa inaning'inia na mimi nasoma chini yake, akasema nyumba imekuwa kama chumba cha upasuaji, akageukia ukutani akalala.

Hivyo ndivyo nilivyosoma. Kurasa tatu. Kurasa mbili. Nusu ukurasa, halafu ule ule nusu ukurasa tena kwa sababu nimesahau. Na nikagundua kitu ambacho ndicho kimenileta mbele yenu leo. Vitabu nilivyovishika vilikuwa karibu vyote ni vile nilivyokwisha kuvisoma, vya shuleni na chuoni, maana akili haikuwa na nguvu ya kukutana na wageni. Lakini kila nikifungua, watu niliowajua walikuwa wamehama viti. Yule aliyekuwa mbele amesogea, na pembeni amekaa mwanamke mmoja ambaye sikumbuki kumwona mara ya kwanza. Ni mama wa mtu. Alikuwepo siku zote, na mimi nilimruka kama mtu anavyoruka tangazo.

Ila sikumwona peke yangu. Nilionyeshwa.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Mvumi wiki ile ile niliyojifungua. Aliacha palizi ya uwele nusu, akaja na karanga, mlenda mkavu kwenye mfuko wa rambo, na kuku aliyefungwa miguu ambaye alisafiri chini ya kiti cha daladala bila kusema neno. Mama hasomi. Anajua kuandika jina lake, na anaandika kwa herufi kubwa taratibu kama anachora ramani. Usiku wa tatu alinikuta chini ya ile tochi yangu, akauliza, "Mwanangu, hiyo karatasi inakwambia nini saa hizi?" Nikamwambia ni hadithi ya mwanamke mmoja, mama. "Basi isome kwa sauti, na mimi niko macho."

Kilikuwa Takadini, cha Ben Hanson. Wengi wenu mlikisoma kidato cha tatu na cha nne. Mnakumbuka swali? Jadili nafasi ya mwanamke katika jamii kwa kutumia riwaya mbili, hoja tatu kutoka kila kitabu. Mimi niliandika Sekai ni mwanamke jasiri, nikapata vema, nikaendelea na maisha. Kwa ambao hamkukisoma: ni Zimbabwe ya zamani. Sekai, mke mkubwa wa Makwati, amekaa miaka bila mtoto, anacheka na wenzake huku anaumia. Mwishowe anapata, na mtoto anazaliwa na ualbino, na mila ya kijiji inasema mtoto wa namna hiyo hakai. Sekai anambeba anatoroka. Anafika kijiji kingine, anapokewa na mzee Chivero, na mtoto anakua anapiga mbira. Takadini, jina lenyewe kwa Kishona, ni swali. Sisi tumefanya nini?

Nikafika pale anapotoroka. Nasoma, sauti ya chini, mtoto ananyonya. Mama mkwe akainua mkono. "Ngoja. Amekula nini?"

Nani, mama?

"Huyo mzazi. Ana siku ngapi tangu azae? Mzazi hatembei na tumbo tupu, maziwa yatakauka, na mtoto atamfia mgongoni kabla hao wenye mila hawajamfikia. Amekula nini?"

Nikarudi nyuma kutafuta. Nilipekua kwa kidole gumba cha kushoto, na nikiwa napekua nilijiona nilivyo, mtu mwenye shahada, miaka kumi na kitu najisifu nimekisoma kitabu hiki, na sikuwahi hata siku moja kumfikiria Sekai ana matiti. Kwangu alikuwa hoja, na hoja haina njaa. Wakati ule mimi mwenyewe nilikuwa naletewa supu ya pilipili manga mara mbili kwa siku na bado nalalamika haina chumvi.

Kuanzia usiku ule Sekai akawa mgeni nyumbani kwetu. Asubuhi nikiwa namwogesha mtoto mama anauliza, "Mwenzio leo atavuka mto?" Na walipokuja majirani kumwona mzazi, nilimsikia sebuleni anawasimulia kwa Kigogo. Kigogo changu ni cha sokoni, lakini nilishika majina ya mahali. Sekai wa mama mkwe alitoka pande za Mvumi, akashika njia ya kusini usiku, akavukia Mtera, akatokea Iringa kwa mzee mmoja mpiga zeze. Mbira ilikuwa imekuwa zeze. Sikumsahihisha. Kwanza zeze lina haki zaidi katika masikio ya watu wale, na pili wale wanawake walikuwa wamenyamaza kabisa, mmoja kashika kikombe cha chai hakinywi.

Kuna jambo moja tulilizungumza usiku na nitalipitia haraka maana si la kuchezea. Mama alitumia neno la zamani, zeruzeru. Nikamwambia siku hizi tunasema mtu mwenye ualbino. Akalirudia neno jipya mara mbili ili alishike. Nchi hii inajua watoto hao walifanywa nini, na si zamani za Sekai. Akakaa, kisha akasema kijijini kwao alikuwepo mmoja, msichana, na mama yake alikuwa anaenda naye mpaka kisimani, mpaka shambani, mpaka chooni. "Watu walimwona anadekeza." Hakuongeza.

Kitabu cha pili kilinikuta ndani ya arobaini. Barua Ndefu Kama Hii, ya Mariama Bâ wa Senegali, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Ramatoulaye amefiwa na mume, yuko eda, miezi minne na siku kumi, na anamwandikia rafiki yake Aissatou. Chuoni tulikisoma kwa ajili ya ndoa ya mitara: Modou kamwacha mke wa watoto kumi na wawili, kamwoa Binetou, rafiki wa binti yake mwenyewe. Tulipigana darasani, wavulana upande huu, wasichana upande ule. Safari hii ugomvi ule ulikuwa mbali. Nilichokiona ni mwanamke aliyefungiwa ndani kwa desturi, watu wanaingia na kutoka, wanakula, wanatoa chochote mkononi, wanatazama vyombo vyake, na yeye katikati yao hana wa kuzungumza naye. Mimi niko arobaini, yeye eda. Kwake wanaleta pole, kwangu wanaleta pampasi na hongera. Vinginevyo mkeka ni ule ule. Nilimwandikia rafiki yangu mmoja wa Tanga ujumbe mrefu kwenye simu, mrefu kweli, nikamweleza yote niliyokuwa nayo moyoni. Akanijibu kidole gumba.

Mama mkwe kwa Ramatoulaye hakuwa na huruma nyingi. "Kumi na wawili na bado ana nafasi ya kuandika? Basi wakubwa walikuwa wanampikia." Na kweli, ukisoma utaona mabinti wakubwa wanabeba nyumba.

Sasa utenzi. Hapa nitakaa kidogo, nivumilieni, mimi mtu wa Tanga, mashairi ni ugonjwa wa kwetu.

Mtoto alipofika wiki ya sita, baada ya chanjo ile ya kwanza ya sindano za mapaja, alianza kulia jioni. Saa kumi na mbili kamili, kama adhana. Anataka kubebwa na kutembezwa. Ukikaa anajua. Nyumba yetu, huko mtaa wa Kisasa, si kubwa: kutoka mlango wa jikoni hadi dirisha la sebuleni ni hatua nane. Nane, nilizihesabu mpaka nikazichukia. Jioni moja, kwa uchovu tu, nikaanza kusema Utendi wa Mwana Kupona niliokuwa nimeufungua kwenye meza. Mnajua kipande cha utenzi kina mizani nane. Mlango hadi dirisha, kipande kimoja. Dirisha hadi mlango, cha pili. Ubeti mmoja ni kwenda na kurudi mara mbili. Hatua inakaa juu ya silabi kama kofia juu ya kichwa. Beti kumi na tano, mtoto kalala. Nilijaribu mashairi ya mizani kumi na sita, akafumbua macho akanitazama kama nimemkosea adabu. Huenda ni mimi niliyekuwa nakosea hatua. Lakini nasema, yule mtoto anazijua bahari za ushairi.

Basi nikawa naukariri utenzi ule kila jioni, na ukikariri kitu kila jioni unaanza kusikia kinachosemwa. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliutunga mwaka 1858. Mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Seyyid Said. Anaumwa, na anajua ugonjwa wake si wa kurudi. Anamwita binti yake, Mwana Hashima, akae karibu na wino na karatasi. Halafu anampa yote aliyonayo: dini, ulimi mwema, na mume. Mume kwa wingi sana. Usimwamshe akilala, usimbishie, umpambe, umpe radhi. Na mahali pamoja anamwambia amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema.

Nilimfafanulia mama mkwe, maana Kiamu, Kiswahili cha Lamu, kinampita, na mimi pia kinanipita pengine. Alifikiria. Kisha akasema, "Basi huyo mwanamke alikuwa na watoto wachanga wawili, mmoja ana ndevu."

Tulicheka mpaka mwenye ndevu akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Sikubaliani na mengi mle. Kuna wanaoutetea utenzi ule wakisema mama yule alikuwa anamfundisha binti namna ya kuishi chini ya mamlaka asiyoweza kuiangusha, na kuna wanaoukataa moja kwa moja. Mimi kinachonikera hata si mume. Ni wale watumwa anaoambiwa binti asichanganyike nao ila kwa kazi. Mama mkwe alipolisikia hilo alisema kwa ufupi kwamba sasa anaelewa nani alikuwa anachota maji. Lakini mkono wa yule mama, ule ninaukubali. Anaumwa na bado anahesabu mizani. Mimi mafua tu yananinyima sentensi.

Mei mambo mawili yalitokea wiki moja. Likizo ya uzazi iliisha, siku themanini na nne zimekatika kama kamba, na mama mkwe akarudi Mvumi kuvuna uwele. Akaja dada wa kusaidia, na mimi nikarudi kazini Mtumba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku akamnyonyeshe mtoto. Nalisema hapa kwa sababu humu kuna mabosi. Mimi nilizichukua zile saa mbili jioni, natoka mapema, na mtu mmoja ofisini, ambaye ofisi yake na jina lake naviacha, aliniuliza mbele za watu, "Wewe bado tu unanyonyesha?" Mtoto ana miezi minne. Nikamwambia ndiyo, bado tu. Tuendelee.

Asubuhi napanda basi la watumishi. Basi ndilo lililonipa kitabu cha mwaka. Peponi, cha Abdulrazak Gurnah, yule mwana wa Unguja aliyepata Nobel mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza kikatoka 1994, na sisi tukakipata kwa Kiswahili 2022, kazi ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakachapa. Miaka ishirini na minane mtoto wetu anazunguka dunia ndipo anarudi nyumbani kusema lugha ya mama. Nilikuwa nimekisoma Kiingereza nikiwa mwanafunzi. Nilikumbuka misafara, bustani, yule chifu Chatu, askari wa Wajerumani mwishoni. Ungeniuliza kuhusu mama yake Yusuf ningekwambia, ana mama?

Anaye. Yusuf ana miaka kumi na miwili, baba yake ana hoteli inayokufa katika mji mdogo wa reli, na ana deni kwa mfanyabiashara Aziz ambaye mtoto anadhani ni ndugu wa ukoo. Siku moja anaambiwa anaenda safari. Hajui kwamba yeye ndiye rehani. Mama anamfungia mzigo mdogo: kaptura, kanzu ya Idi, shati, msahafu. Anafunga ncha za shali fundo nene, anapitisha fimbo ili abebe begani. Anatabasamu wakati anafanya hayo. Halafu mwisho kabisa, kwa siri, anamtia mkononi tasbihi yake ya zamani.

Basi lilikuwa linapita Ihumwa. Ilikuwa Juni, ule upepo wetu unapiga vioo, vumbi jekundu, watu wamevaa makoti. Nikasoma hiyo tasbihi nikafunga kitabu. Kwa siri dhidi ya nani? Dhidi ya baba, aliyekubali. Dhidi ya Aziz anayengoja. Dhidi ya mtoto mwenyewe pengine, asije akaelewa. Mwanamke yule hakuulizwa. Kilichobaki kwake kutoa ni kitu kinachoenea kwenye kiganja, akakitoa. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimeacha kwenye friji chupa mbili za maziwa niliyoyakamua saa kumi na moja, nimeziandika tarehe kwa kalamu ya wino, na nilikuwa nimerudi mlangoni mara mbili kumwonyesha dada chupa ipi ianze, jambo analolijua vizuri kuliko mimi.

Jirani yangu kwenye kiti akaniona nafuta macho. "Pole dada. Msiba?" Nikasema hapana, kitabu. Akasogea kidogo upande wa dirisha.

Nisemeje kuhusu kile Kiswahili. Kwa Kiingereza, Yusuf alikuwa mbali nami kwa ukuta mwembamba, nilimwona lakini sikumsikia anapumua. Humu ukuta hakuna. Ukitaka kumpa mtu kitabu kimoja kutoka kwenye mazungumzo haya, mpe hiki, lakini cha kwangu siwaazimi. Kona ya juu ilitafunwa na mtu wa meno mawili, kuanzia jalada mpaka kama ukurasa wa arobaini. Nitakitunza na alama zake.

Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya 1982, niliisoma kwa siku mbili tu, tamthilia ni fupi. Wanawake wa kijiji wanajaribu kuisimamisha nguzo na haisimami, kila mmoja anavutwa na lake nyumbani. Wanaitwa Bi Moja, Bi Mbili, mpaka Bi Nane. Shuleni mwalimu alituambia namba zile ni kuonyesha kwamba ni mwanamke yeyote. Sawa. Lakini mimi wodini, hospitali siitaji, nilikuwa kitanda cha nane, na kwa siku mbili nilikuwa Nane. "Nane, mtoto amekojoa?" "Nane, ndugu zako wameleta uji." Nilipofika kwa Bi Nane nilihisi ameniita. Hata sikuudhika wodini, nilikuwa na mengine ya kuudhika nayo. Imenijia tu miezi baadaye, na kitabu mkononi.

Kilichonishinda ni Nagona, ya Kezilahabi, 1990. Chembamba mno, unadhani utakimaliza titi moja. Nilikianza mara tatu, saa tisa usiku mara zote, na mara zote niliamka na kitabu usoni nisijue kama yale niliyoyaona yalikuwa ya mwandishi au ndoto yangu. Huenda hata yeye asingejali. Nitakirudia mtoto akianza shule.

Na Kezilahabi huyo huyo ndiye mwenye kile nilichokiweka nyuma.

Rosa Mistika kilitoka 1971, kikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na kwa sababu hiyo kila mtu wa rika la mama yangu alikisoma akiwa amekificha ndani ya daftari la jiografia. Mwandishi ametutoka Januari 2020. Ni kisa cha binti wa Namagondo, Ukerewe, baba yake Zakaria ni mlevi na mkali, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, anamchunga mpaka anamfanya aogope wanaume wote, na siku anapotoka mikononi mwake ule uchungaji unageuka. Kila aliyekisoma anazungumzia Rosa. Mimi pia, miaka yote, Rosa, Rosa, malezi ya baba, hoja tatu.

Nilianza kumsomea mama mkwe Aprili, mvua za mwisho mwisho, umeme umekatika, taa ya chaji mezani, yeye anachambua mchele kwenye ungo. Nikasoma Zakaria anavyomnyang'anya mkewe pesa za kunywea. Mama akaacha mchele.

"Huyo mke anaitwa nani?"

Regina, mama.

"Soma ya Regina."

Nikamwambia kitabu ni cha Rosa, binti. Akasema, "Najua ni cha binti. Wewe soma, kila akitokea Regina unyanyue mkono nimsikilize vizuri."

Sikuwa na mkono wa kunyanyua, mmoja umeshika mtoto, mwingine kitabu. Tukakubaliana nikohoe. Tukasoma hivyo wiki tatu. Nakohoa, mama mkwe anatulia, Regina anapita na kazi zake, na binti zake, na kipigo chake. Hatukumzungumzia sana. Mara moja tu mama alisema, ungo uko magotini, hanitazami, "Na mimi nilikuwa naficha kwenye pipa la mtama. Chini kabisa. Mlevi hana subira ya kuchimbua mtama."

Mume wangu ni mtoto wa tano wa mama huyu. Baba mkwe alikwisha kufariki nilipoolewa, na nyumbani picha yake imening'inizwa sebuleni akiwa na suti. Nimeipangusa vumbi picha ile mara nyingi.

Mei ikafika tuko katikati. Rosa yuko sekondari, ameanza kubadilika, na mama akafunga mizigo kwenda kuvuna. Mlangoni, kuku hayupo tena, amebeba kanga mbili mpya na picha ya mjukuu, akaniambia nisiendelee bila yeye. Niliendelea, usiku ule ule. Ninyi mliokisoma mnajua kinavyokwisha. Msiokisoma sitawaambia.

Tangu hapo ameniuliza kwenye simu mara nne. Mara ya kwanza nikasema sijapata nafasi. Mara ya pili mtandao ulikuwa mbaya kweli. Mara ya tatu mtandao haukuwa mbaya.

Jumapili iliyopita alipiga tena, yuko shambani anasafisha kabla mvua hazijaanza, nasikia upepo kwenye simu. Akauliza mtoto, akauliza sindano ya surua kama ilileta homa, akauliza mume wangu. Kisha akasema, "Yule binti wa Ukerewe. Alimaliza shule?"

Nikasema, alimaliza, mama. Akaenda chuo cha ualimu.

"Chuo cha ualimu!" Akamwambia mtu aliyekuwa naye pale, kwa Kigogo, nikasikia neno ualimu likipita katikati. Akarudi kwenye simu. "Na mama yake alikuwepo kuona?"

Nikasema alikuwepo.

"Haya. Nitakuja Februari unimalizie."